Jeki Chini ya Nyumba

Mwezi wa sita, theluji ikishakwisha uani,
Keskil huazima jeki ya lori kwa shemeji yake Ganya,
hulala chali matopeni, husukuma mkono wa chuma,
na nyumba yetu hupanda, kidole kimoja, viwili,
ikilia kama ng'ombe anayezaa.
Mimi hukaa ndani na bakuli la maji mezani.
Ndiyo kazi yangu. Natazama maji.
"Bado," namwambia kupitia mbao za sakafu.
"Bado. Upande wa jiko. Basi! Shusha kidogo."
Maji yakilala sawa, tunakunywa chai.

Zamani jeki ilikuja mara moja kwa miaka mitano.
Sasa Ganya ameacha kuidai.

Chini yetu, marehemu mama mkwe alikuwa akisema, hakuna ardhi:
kuna barafu iliyojifunika udongo ili ilale.
Wazee wake walichimba ghala humo, vidato kumi na viwili,
na nyama ya farasi iliyoshuka mwezi wa kumi
ilipanda mwezi wa saba, ngumu kama shoka.
Samaki tulimchonga kwa kisu, kama mtu anayechonga penseli,
tukamla kwa chumvi kabla hajakumbuka kuyeyuka.
Mwaka juzi nilishuka na tochi, nikakanyaga maji.
Nyama ilinuka. Sikupiga kelele.
Nilipanda, nikafunga mlango, nikaenda kuuliza bei ya friji.

Friji inakula umeme.
Umeme unakula makaa ya mawe.
Makaa ya mawe – hapa Keskil huinuka, eti anakwenda kutazama mbwa.

Maana miaka ishirini na miwili aliendesha lori kule Neryungri,
lori ambalo tairi lake lilimpita kimo,
akihamisha mlima mweusi kutoka shimoni hadi kwenye treni.
Unakwenda wapi mlima huo? nilimuuliza tukiwa wachumba.
Bandarini, akasema. Kwa watu.
Watu wakayeyushia chuma, wakawashia miji yao,
moshi ukapaa bila pasi wala viza,
ukaizunguka dunia nzima na usipotee njia,
ukaturudia hapa mlangoni, umevaa joto.
Mshahara ulikuwa mzuri, sitasema uongo.
Mbao hizi ninazosemea naye zilitoka humo.
Meno ya dhahabu ya mama yake pia. Na koti langu.
Iko methali juu ya mchimba kisima.
Siitamki mbele yake.

Aisen, mwanetu, alikuja likizo mwezi wa kumi na moja,
akatupeleka ziwani, akatoboa barafu, akawasha kiberiti.
Moto ukasimama juu ya maji, mrefu kuliko yeye.
Alicheka. Kisha hakucheka.
"Ni majani, mama. Yaligandishwa kabla hatujawa na jina.
Sasa yanaoza, yanatoa gesi, gesi inaleta joto,
joto linaamsha majani mengine."
Kama ng'ombe anayejinyonya mwenyewe, nikasema.
Akaniangalia kwa muda. "Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo."

Mama mkwe tulimzika mwezi wa pili;
moto uliwaka siku mbili kulegeza kaburi,
wanaume wakapokezana sururu, jasho likiganda nyusini.
Leo msalaba wake umeinama
kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.
Keskil aliubeba mgongoni mara tatu, akausimika upya mara tatu.
Mara ya nne aliegemea uzio, akavuta sigara, tukarudi nyumbani.

Usipoziba ufa, husemwa, utajenga ukuta.
Ufa tuliuziba. Ukuta tuliujenga.
Haikusemwa ufanye nini pale chini panapoondoka.

Jana alikuwa tena matopeni.
Ana miaka hamsini na minane, na mgongo wake naujua.
"Vipi?" akauliza kutoka chini ya miguu yangu.
Maji yalikuwa yameelekea dirishani,
karibu yaguse ukingo wa bakuli.
Nilisikia kitu kikidondoka huko chini, tone, kisha tone,
na pumzi zake.

"Sawa," nikasema. "Toka. Chai iko tayari."